Moshi wa Dizeli Haujui Mpaka

Nchi tano za Jumuiya ya Afrika Mashariki, yaani Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania na Uganda, zilikubaliana kwamba kuanzia Januari 2015 dizeli inayoagizwa iwe na salfa isiyozidi sehemu 50 katika kila sehemu milioni moja. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Hata hivyo, kazi haikuishia hapo, kwani baadhi ya sumu kali kabisa zilizomo katika moshi wa dizeli hazitokani na salfa.

Dizeli isipoungua yote huacha masizi. Juu ya chembe za masizi hayo hunata haidrokaboni ambazo molekuli zake ni pete za kaboni zilizoungana. Wakati huo huo, joto kali la injini huunganisha naitrojeni na oksijeni ya hewa na kufanya gesi. Gesi hiyo inapokutana na haidrokaboni hizo, ama ndani ya injini ama baadaye hewani, huzaliwa kemikali mpya za jamii ya nitro.

Mwaka 1978 James Pitts na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Marekani, walionyesha ukali wa mabadiliko hayo. Walitumia kipimo cha Bruce Ames, ambacho huwatumia bakteria wasioweza kujitengenezea histidini, kitu cha lazima kwa uhai wao. Chembe za urithi za bakteria hao zikibadilika, baadhi yao hupata tena uwezo huo na kuzaana. Benzopirini ya kawaida haiwabadilishi bakteria hao mpaka itiwe vimeng'enya vya ini. Lakini ilipokwisha kukutana na gesi ya naitrojeni, iliwabadilisha moja kwa moja. Maana yake ni kwamba hewa chafu yenyewe huweza kuunoa upya upanga uliotoka katika bomba la gari.

Mwaka 1997 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, waligundua katika moshi wa dizeli kemikali iitwayo nitrobenzanthroni, mojawapo ya kemikali zenye nguvu kubwa kabisa katika kipimo hicho. Walieleza kwamba huongezeka injini inapofanya kazi chini ya mzigo mzito.

Bila shaka bakteria si binadamu. Lakini Juni 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililoko Lyon, Ufaransa, lilipima ushahidi uliopatikana kwa binadamu, wakiwemo wachimba madini wa Marekani, likatamka kwamba moshi wa dizeli husababisha saratani ya mapafu. Mwaka 1988 shirika hilo hilo lilikuwa limesema tu kwamba yamkini husababisha saratani.

Jambo hilo linazihusu nchi jirani kwa namna ya pekee. Malori yanayotoka bandari ya Mombasa hupanda nyanda za juu yakiwa na shehena nzito kuelekea Nairobi, Kampala na Kigali. Wauzaji wa kando ya barabara, matingo na watoto wa shule huvuta moshi huo bila kujali ni wa gari la nchi gani.

Faida kubwa ya dizeli yenye salfa kidogo ni kuviwezesha vichujio vya moshi kufanya kazi bila kuharibika. Gari lisilo na kichujio halipati faida hiyo. Na hapo ndipo sera zinapotofautiana: Kenya hukataa kuingiza magari yenye umri unaozidi miaka 8, sheria ya Uganda ya mwaka 2018 iliweka kikomo cha miaka 15, Tanzania imetumia njia ya kuyatoza ushuru zaidi magari chakavu. Ni dhahiri kwamba gari linalokataliwa katika bandari moja linaweza kutafuta mlango mwingine.

Ikiwa nchi hizo ziliweza kuafikiana juu ya dizeli, hapana sababu zisiafikiane juu ya umri wa magari, vichujio, na ukaguzi wa moshi barabarani. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe. Moshi hausimami mpakani kuonyesha hati ya kusafiria, na kwa hiyo kinga dhidi yake hapana budi iwe ya pamoja.