Hina nyeusi si hina: jihadhari na piko

Harusi au Idi ikikaribia, akina mama na wasichana wa Kiwanjani, Isiolo, hupambwa kwa hina. Hina halisi huacha rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Ile nyeusi tititi, yaani piko, mara nyingi ni rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo parafenilenidiamini.

Viwandani, kemikali hii hutengenezea rangi za nywele na nyuzi ngumu za fulana za kuzuia risasi. Ikipakwa ngozini huweza kuleta mwasho, malengelenge na makovu. Ikinywewa huvimbisha koo na kuharibu figo. Nchini Sudan imewaua watu.

Msomaji, mwulize mpambaji amechanganya nini. Ukiwashwa, jioshe kwa maji mengi, kisha nenda hospitali. Mtoto usimpake kamwe.