Chumvi Katika Jasho la Mtoto: Maradhi ya Urithi Yasiyopaswa Kufichwa

Mama anayembusu mwanawe na kuonja chumvi kwenye kipaji cha uso huenda asishtuke, kwani katika joto la pwani yetu nani asiyetoka jasho? Lakini chumvi hiyo ikizidi, ikaambatana na kifua kisichopona, choo chenye mafuta na mwili usionenepa ilhali mtoto anakula vyema, ni wajibu wa wazazi kumfikisha kwa daktari. Huenda ikawa ni maradhi ya kurithi yaitwayo sistiki fibrosisi.

Mwaka 1948 mji wa New York ulipatwa na joto kali, na baadhi ya watoto wenye maradhi haya walifikishwa hospitalini wakiwa wameishiwa nguvu. Dk. Paul di Sant'Agnese alichunguza na kubaini kuwa jasho lao lina chumvi kupita kiasi. Hadi leo kipimo cha jasho ndicho msingi wa kuyatambua. Jeni yenye hitilafu iligunduliwa mwaka 1989.

Kila anayetia samaki chumvi hapa Mkokotoni anajua kuwa chumvi huvuta maji. Mwilini ni vivyo hivyo. Seli zinazotanda ndani ya njia za pumzi zina milango miwili midogo: mmoja hupitisha kloraidi, mwingine hupitisha sodiamu, na viwili hivyo ndivyo chumvi yenyewe. Mlango wa kloraidi hutoa chumvi nje ili maji yaifuate na kulainisha makohozi. Wa sodiamu huirudisha ndani. Mlango wa kloraidi ukiharibika, chumvi haitoki, na watafiti wengi wanaeleza kuwa ule wa sodiamu nao hukosa wa kuuzuia, ukazidi kuvuta. Maji hupungua, makohozi huwa mazito kama gundi, na vijidudu hufanya makao.

Katika mirija ya jasho mambo hugeuka. Huko milango yote miwili hushirikiana kurudisha chumvi mwilini kabla jasho halijafika juu ya ngozi. Mmoja ukifungwa, wa pili nao hulegea, na chumvi nyingi humwagika nje. Ndiyo maana mtoto huyo hukaukiwa upesi siku za joto.

Yasidhaniwe kuwa maradhi haya ni ya Wazungu pekee. Ipo hitilafu moja ya jeni hii inayojulikana miongoni mwa watu wenye asili ya Afrika. Na huko Oman, ambako familia nyingi za Unguja zina mashangazi, ami na binamu, hitilafu iitwayo S549R ni miongoni mwa zinazoonekana zaidi. Hiyo haiuondoi mlango, bali huuacha umefungwa. Mwaka 2014 Marekani iliidhinisha dawa ya ivacaftor kwa wenye hitilafu hiyo. Huufungua mlango, ijapokuwa bei yake ni kubwa mno.

Tusisahau jambo la haki. Mtoto huugua pale tu anaporithi jeni yenye hitilafu kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, nao wote wawili wakiwa wazima. Katika kila mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni 1 kati ya 4. Hivyo kumlaumu mama peke yake, au kumtuhumu jirani kwa husda, ni dhulma. Ndoa ya binamu ni halali, lakini si faradhi. Ukoo uliozika watoto kwa dalili hizi una haki ya kuelezana ukweli kabla ya posa, si baada ya msiba.

Basi anayempeleka mtoto Kivunge au Mnazi Mmoja asitaje kikohozi pekee. Aeleze jasho, choo, uzito, na habari za jamaa wa ng'ambo. Bila ya dawa hiyo ghali pia mna mengi ya kufanya: kugonga kifua ili makohozi yatoke, vimeng'enya vya kusaga chakula, viuavijasumu, na nyongeza ya chumvi na maji kwa maelekezo ya daktari.

Kutafuta tiba hakupingani na kutawakali, na mtoto ni amana. Wabillahi tawfiq.