Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Ninyi mlio Musoma, Bunda na Butiama mwaijua ritungu, chombo kile chenye nyuzi nane. Mpigaji akikaa penye sherehe, humsifu mwema, na mbaya naye husemwa mbele ya watu. Leo twasoma habari za mwanamke aliyefanya kazi hiyo kwa taarabu.

Alizaliwa kama mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu maskini. Mtoto aliitwa Mtumwa. Alijifunza ufinyanzi kwa mama yake, akatembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti. Kusoma hakufundishwa.

Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko wapigaji muziki wakamfundisha kuimba. Wakati ule taarabu ilikuwa ya jumba la Sultani, nayo iliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliiimba kwa Kiswahili, lugha ya wachuuzi na wapishi. Akapewa jina la Siti, maana yake bibi mwenye heshima. Yule aliyeitwa Mtumwa!

Mwaka 1928 alikwenda Bombay, India, pamoja na wapigaji wake, kutia sauti katika santuri. Santuri ni sahani nyeusi. Ikizungushwa chini ya sindano, hutoa sauti iliyotiwa. Basi hata watu wa bara wasiopata kuiona Unguja walimsikia.

Wimbo wake mmoja waitwa "Kijiti". Waeleza habari za mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja. Muuaji alikimbilia bara. Wanawake waliokuwa mashahidi ndio waliotiwa hatiani kortini. Mwana wa mfinyanzi hakuweza kuibatilisha hukumu, lakini aliweza kuiimba, na santuri ikaipeleka mji kwa mji. Miaka ileile, huko Marekani, Bessie Smith aliimba mashaka ya wanawake kwa muziki wa bluzi.

Siti alifariki mwaka 1950. Shaaban Robert aliandika maisha yake katika kitabu "Wasifu wa Siti binti Saad". Bi Kidude wa Unguja aliendelea kuziimba nyimbo zake mpaka uzeeni. Alifariki mwaka 2013.

Sasa fungueni madaftari. Andikeni: Siti aliuza vyungu. Siti aliimba kwa Kiswahili. Kisha, jioni, mwulizeni mama au bibi nyumbani wimbo mmoja wa kusagia au wa harusi, mwandike maneno yake, hata kama ni mistari miwili tu. Mje nayo darasani.