Funza Mwekundu Hamalizwi kwa Bomba

Mvua zikikaribia, swali huwa ni lile lile, liwe linatoka Chunya, Mbarali au Momba: "Mtaalamu, ni dawa gani inamaliza funza mwekundu ili na sisi tulime pamba?" Nimelijibu kwenye simu, kwenye mikutano ya vijiji na dukani kwa wauza pembejeo. Sasa nalijibu kwa maandishi. Dawa hiyo haipo, na anayekuuzia anakuibia.

Naelewa tamaa inakotoka. Usangu, bonde la Songwe na nyanda za chini za Chunya zina joto na jua linaloitosha pamba. Hilo halina ubishi. Lakini pamba imezuiwa kulimwa huku kwetu kusini tangu miaka ya 1960, na zuio hilo linamhusu mdudu mmoja. Wanaosema ni njama ya wanunuzi wa tumbaku hawajawahi kupasua kitumba cha pamba kilichoingiliwa. Funza mwekundu, ambaye kwa jina la kitaalamu ni Diparopsis castanea, amezoea mashamba ya Malawi, Zambia, Msumbiji na Zimbabwe. Zaidi ya asilimia 90 ya pamba ya Tanzania inatoka Kanda ya Magharibi: Simiyu, Shinyanga, Mwanza, Geita, Tabora na jirani zao. Ukipanda pamba mfululizo kutoka Tunduma kuelekea Tabora, unamjengea mdudu huyu daraja la kumfikisha huko.

Turudi kwenye dawa. Mapishi ninayoletewa ni matatu: viuatilifu viwili vikali vilivyochanganywa na sabuni ya unga; majivu na pilipili; na unga wa pareto, ambao watu wa Mufindi na Makete wanautetea kwa moyo kwa sababu pareto ni zao letu na kiwanda chake kiko Mafinga. Yote matatu yanashindwa kwa sababu ile ile, na sababu hiyo ni maisha ya mdudu mwenyewe.

Nondo jike hutaga mayai yake moja moja juu ya mmea. Yai likianguliwa, funza mchanga hatembei sana. Hutafuta chipukizi, ua au kitumba, akatoboa na kuingia. Akishaingia, tundu huzibwa na kinyesi chake. Kuanzia hapo unanyunyizia ganda, naye yuko ndani anakula. Nafasi ya kumpata ni ule muda mfupi kati ya kuanguliwa na kutoboa, na mayai hayaanguliwi yote siku moja. Kuongeza dozi mara mbili hakurefushi muda huo hata kidogo.

Kisha kuna ardhi, na hapa ndipo wauza dawa wananyamaza. Funza akishiba hushuka, hujichimbia udongoni, hujijengea kifuko kigumu cha udongo na kugeuka pupa humo. Wengine hutoka kama nondo baada ya wiki chache. Wengine hulala kiangazi chote, kisha msimu ukianza hutoka kwa zamu, leo hawa, mwezi ujao wale. Shamba ulilolinyunyizia Jumatatu likaonekana safi linaweza kupata nondo wapya wiki hiyo hiyo, kutoka chini ya miguu yako. Bomba la mgongoni haliwafikii.

Pareto huua mdudu aliyeguswa nayo, kisha jua huiharibu haraka. Ghalani na nyumbani inafaa sana; juu ya pamba, mchana, haidumu. Sabuni ya unga na majivu hugeuza maji yakawa ya magadi, na viuatilifu vingi huvunjika katika maji ya namna hiyo, hivyo unaidhoofisha dawa uliyoinunua kwa fedha. Mchanganyiko wa sumu mbili unawaua kwanza buibui na nyigu wanaokula maadui wa pamba, halafu unashangaa vidukari na utitiri wanafumuka. Na anayeibeba sumu hiyo mgongoni, mara nyingi bila glavu, ni kijana wa kibarua. Hilo linaniudhi kuliko yote.

Mdudu huyu ana udhaifu mmoja. Funza wa vitumba wa kawaida hula mahindi, nyanya na mbaazi, kwa hiyo hana njaa mwaka mzima. Funza mwekundu hula pamba na jamaa zake wachache wa porini, basi. Pamba isipokuwepo, nondo atakayetoka udongoni hana pa kumlea mtoto. Ndiyo maana zuio linafanya kazi, na ndiyo maana miche mitano ya maotea nyuma ya nyumba, iliyoachwa "kwa ajili ya utambi", inaharibu kazi ya miaka.

Kwa hiyo, haraka haraka. Uko eneo la zuio Mbeya au Songwe: usipande, ng'oa maotea na uyachome, usivushe pamba yenye mbegu Tunduma wala Kasumulu, ukiona funza ndani ya kitumba mwite afisa ugani siku hiyo hiyo. Joto lile lile linakupa ufuta, alizeti, na mpunga penye maji. Uko Uyole, Mafinga au Kyela: sahau pamba, kwa wawili wa kwanza ni baridi, kwa Kyela ni mvua.

Uko Iringa nyanda za chini, Pawaga au Idodi, unahesabiwa Kanda ya Mashariki ya pamba. Muulize kwanza afisa kilimo wa wilaya, kisha chukua mbegu iliyoidhinishwa na Bodi ya Pamba kupitia chama cha ushirika (AMCOS), si ya jirani. Panda sentimita 60 kwa 30, miche miwili kila shimo, ndiyo miche 44,444 kwa ekari. Palilia mapema. Weka samadi. Kagua shamba kila wiki na unyunyize kwa ulichokihesabu, si kwa kalenda ya muuza duka. Badilisha na mtama au kunde msimu unaofuata. Vuna pamba kavu, tenga safi na fifi (chafu), tumia mifuko ya nguo kwa sababu nyuzi za viroba huharibu jora kiwandani. Ukimaliza kuvuna, ng'oa miti yote na kuichoma kabla ya mbuzi wa jirani kuizoea.