Tunachofunzwa na Mpiga Gitaa wa Brazil

Wapo walimu na wanafunzi wengi wanaoamini kwamba kufasiri ni kazi ya kamusi. Mwanafunzi hupewa kifungu cha Kiingereza, akachukua neno hili akaliweka pale, na lile akaliweka huku, hata mwisho akapata kitu ambacho si Kiingereza tena wala hakijawa Kiswahili. Mwalimu naye humsahihisha kwa kipimo kicho hicho: je, kila neno limepata mwenzake? Mimi, kila nifikapo kwenye mada ya tafsiri darasani, huwatajia wanafunzi wangu mtu ambaye ni nadra kutajwa katika vitabu vya nadharia. Naye ni Seu Jorge, mpiga gitaa, mwimbaji na mwigizaji wa filamu kutoka Brazil.

Jina lake lenyewe ni somo. Wazazi wake walimwita Jorge Mário da Silva. Alizaliwa mwezi wa Juni mwaka 1970 huko Belford Roxo, mji wa watu wa kipato cha chini ulioko pembezoni mwa Rio de Janeiro. "Seu" si jina la ukoo. Ni neno la Kireno "senhor" lililofupishwa na kulainishwa vinywani mwa Wabrazili, nalo hutangulizwa mbele ya jina la mwanamume kwa heshima iliyochanganyika na mazoea. Jina hilo alibandikwa na mwanamuziki mwenzake, Marcelo Yuka. Sasa tulifasirije? Tukisema "Bwana" tutakuwa tumemtenga; tukisema "Mzee" tutakuwa tumemzeesha kijana. Maana ya neno hilo haimo katika kamusi, imo katika uhusiano wa watu wanaolitumia.

Maisha yake hayakuanza kwa neema. Alipokuwa kijana, ndugu yake aliuawa kwa risasi. Familia ilitawanyika, na Jorge akaishi kwa takriban miaka mitatu bila makao, akilala katika mitaa ya Rio. Aliyemfungulia mlango ni mpiga klarineti mashuhuri, Paulo Moura, ambaye kwa njia yake aliingia katika kundi la tamthilia la Chuo Kikuu cha Jimbo la Rio de Janeiro. Humo aliigiza na kuimba katika michezo mingi. Baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa bendi ya Farofa Carioca, iliyotoa albamu yake mwaka 1998, kisha akatoa albamu yake mwenyewe mwaka 2001.

Filamu iliyomtambulisha kwa ulimwengu ni Cidade de Deus, yaani Mji wa Mungu, ya mwaka 2002. Ilielekezwa na Fernando Meirelles pamoja na Kátia Lund, na msingi wake ni riwaya ya Paulo Lins ya mwaka 1997. Humo Jorge hashiki gitaa. Anaigiza kijana mtulivu, kondakta wa basi, ambaye jambazi mmoja anamtendea mpenziwe unyama kisha anamuulia ndugu yake. Kijana huyo anachukua bunduki ili alipe kisasi, na bunduki hiyo inamfikisha mautini. Anayejua maisha ya Jorge hawezi kuitazama sehemu hiyo bila kusisimkwa. Msiba ulioko kwenye filamu unakaribia sana ule uliomfika yeye, ila katika maisha yake ya kweli njia aliyoishika ilikuwa ya jukwaa na muziki.

Mhusika huyo anaitwa Mané Galinha. "Galinha" ni kuku, na mitaani nchini Brazil neno hilo pia humhusu mtu mwenye wapenzi wengi. Katika maandishi ya Kiingereza yapitayo chini ya picha, mhusika huyo amepewa jina la Knockout Ned. Kuku ametoweka! Je, mfasiri alikosea? Sidhani. Lau angemwita kwa jina la kuku, msikilizaji wa Kiingereza angedhani ni mwoga, kwa kuwa katika lugha hiyo kuku ni ishara ya woga. Mfasiri aliliacha neno ili aiokoe hadhi ya mtu.

Miaka miwili baadaye, mwaka 2004, Jorge alitokea katika filamu ya Kimarekani, The Life Aquatic with Steve Zissou, iliyoelekezwa na Wes Anderson na kuongozwa kwa uigizaji na Bill Murray. Ni hadithi ya mtafiti wa bahari na mabaharia wake. Jorge ni mmoja wao, na jina alilopewa humo ni Pelé dos Santos, yaani jina la mwanasoka na la klabu yake yakiunganishwa. Hilo ni jina lililotungwa na mgeni kutokana na machache ayajuayo kuhusu Brazil. Mistari anayosema ni haba mno. Kazi yake kubwa ni kuketi pembeni na gitaa lake, akiimba kwa Kireno nyimbo za Mwingereza David Bowie.

Ifahamike kwamba kabla ya kazi hiyo Jorge alizijua nyimbo chache sana za Bowie. Alizisikiliza, akazishika tuni zake, kisha akaandika maneno ya Kireno ambayo mara nyingi hayafuati ya Kiingereza. Ngoma, vinanda na gitaa la umeme aliviacha. Akabaki na sauti yake nzito na kile ambacho Wabrazili hukiita "violão". Kwao "guitarra" ni gitaa la umeme, na "violão" ni lile la kawaida, ilhali sisi tumetosheka na neno gitaa kwa yote mawili. Mwaka 2005 nyimbo hizo zilitolewa katika albamu. Bowie mwenyewe alizisifu, akasema kwamba lau Jorge hasingeziimba kwa Kireno, yeye asingeuona uzuri mpya aliouona ndani yake. Bowie alipofariki mwezi Januari 2016, Jorge alizunguka akiziimba jukwaani kwa kumuenzi.

Najua pingamizi litakalotolewa. Kuna atakayesema: hiyo si tafsiri, huo ni utunzi mwingine. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Anayefasiri mkataba wa shamba au maelezo ya dawa hana ruhusa ya kubuni hata nukta. Lakini wimbo una sheria zake. Chukua neno "star" la Kiingereza: lina silabi moja. Kwa Kireno ni "estrela", silabi tatu. Kwa Kiswahili ni "nyota", silabi mbili. "Life" ni silabi moja, "vida" mbili, "maisha" tatu. Tuni haiongezeki kwa sababu neno limerefuka. Fauka ya hayo, mkazo wa Kiswahili kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, nao Kiingereza huuweka popote kipendapo. Kwa hiyo anayeng'ang'ania kila neno ataupoteza wimbo, na anayeushika wimbo hana budi kuachilia baadhi ya maneno.

Sisi wenyewe tuna mfano. Mwalimu Julius Nyerere alipoifasiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu mfanyabiashara wa Venice, mwaka 1969, aliiita Mabepari wa Venisi. Neno "bepari" si sawa na "mfanyabiashara", na umoja umegeuka kuwa wingi. Wahakiki wamejadili uteuzi huo kwa miaka mingi. Hata hivyo, msomaji wa Afrika Mashariki wa wakati ule alijua mara moja anaambiwa nini.

Liko jambo jingine katika filamu ile ambalo hunigusa zaidi. Nyimbo za Jorge hazikuwekewa maandishi ya Kiingereza. Mtazamaji wa Marekani alizisikia kama urembo tu wa bahari, ilhali Mbrazili aliyeketi kando yake alikuwa akielewa kila neno. Mtu aliyewekwa pembeni mwa hadithi ya wengine alikuwa akizungumza na watu wa kwao. Aliyaweza hayo kwa sababu Kireno chake cha Rio alikimiliki barabara, wala hakukionea haya. Na alipopewa nafasi ya katikati, katika filamu ya Marighella iliyoonyeshwa kwanza Berlin mwaka 2019 na kufika kumbi za Brazil mwaka 2021, aliibeba hadithi nzima ya mwanamapinduzi Carlos Marighella kwa lugha iyo hiyo.

Basi ninawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Pamoja na vile vifungu vya magazeti, wapeni wanafunzi wimbo mmoja wa kigeni, muwatake waufasiri, kisha wasimame wauimbe mbele ya darasa. Usipoimbika, warudi wakaandike upya. Na wale tunaowaadhibu kwa kuzungumza lugha zao uwanjani, tujiulize watafasiri kwa kutumia nini, iwapo lugha wanayofasiria tumewafunza kuidharau.