"Programu Huria" Si Programu za Bure

Miongoni mwa istilahi za kompyuta zinazowatatiza wafasiri, walimu na maofisa wa serikali ni ile ya mifumo endeshi ambayo kila mtu anaruhusiwa kuisoma, kuitumia, kuibadili na kuigawa. Katika maandishi mbalimbali mifumo hiyo huitwa kwa majina matatu: programu za bure, programu za chanzo wazi, na programu huria. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini uchaguzi wa jina ni jambo zito, hasa katika maandishi ya biashara na mikataba.

Kwanza yafaa kukieleza kitu chenyewe. Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia vifaa vya kompyuta na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Wataalamu huuandika kwa lugha maalumu inayoweza kusomwa na binadamu, na andiko hilo ndilo liitwalo msimbo chanzo. Kisha andiko hugeuzwa kuwa namba zinazofahamika kwa mashine tu. Makampuni mengi yalizoea kuuza zile namba na kuuficha msimbo. Mwaka 1983 Richard Stallman wa Marekani alitangaza mradi wa GNU ili kuunda mfumo usiofichwa. Na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, Finland, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux.

Tatizo la jina lilianzia katika Kiingereza chenyewe. Neno alilolichagua Stallman lina maana mbili, yaani kisicholipiwa na kilicho huru. Kwa kuwa wasikilizaji wengi walishika maana ya kwanza, Februari 1998 Christine Peterson alipendekeza jina jingine, lenye kutaja uwazi wa chanzo, nalo likakubalika upesi miongoni mwa wafanyabiashara.

Makampuni makubwa yalipouchukua mfumo huo hayakuuchukua kwa sababu ya bei peke yake. Mwaka 2000 kampuni ya IBM ilitangaza kwamba ingetumia dola bilioni 1 kwa ajili ya Linux katika mwaka uliofuata. Mwaka 2011 Soko la Hisa la London lilihamishia biashara yake ya hisa kwenye mtambo unaoendeshwa na Linux. Na mwaka 2019 IBM iliinunua Red Hat, kampuni inayotoa aina mojawapo ya Linux, kwa dola bilioni 34. Kama mfumo huo ni wa bure tu, Red Hat ilikuwa ikiuza nini? Ilikuwa ikiuza huduma: marekebisho ya usalama, ahadi ya kuutunza mfumo kwa miaka mingi, na wataalamu wa kuitwa panapotokea hitilafu.

Mfano mmoja unadhihirisha tofauti hii vizuri zaidi. Mashirika mengi yalikuwa yakitumia CentOS, mfumo uliojengwa kutokana na msimbo chanzo wa Red Hat na kutolewa pasipo malipo. Desemba 2020 ilitangazwa kwamba toleo lake la 8, lililotarajiwa kutunzwa hadi mwaka 2029, lingekoma mwishoni mwa 2021. Waliotegemea ubure walilazimika kuhama kwa haraka. Hata hivyo, kwa kuwa msimbo ulikuwa huria, watu wengine waliweza kuujenga upya, na mwaka 2021 ikatoka mifumo ya AlmaLinux na Rocky Linux. Kile cha bure kilikoma. Kile cha huria kilibaki.

Sasa tuyapime majina yetu. "Bure" katika Kiswahili ni kisicholipiwa, lakini pia ni kisichofaa: twasema kazi bure, maneno bure. Ofisa atakayesoma neno hili katika zabuni hatatenga fedha za matunzo wala za mafunzo. Tena huenda akadhani hakuna sharti lolote, ilhali leseni ya GNU humtaka anayewagawia wengine programu aliyoibadili awape pia msimbo chanzo wake. "Wazi" nalo lina upungufu, kwani laonyesha kwamba kitu chaonekana tu. Halisemi kwamba yaruhusiwa kukibadili.

"Huria" latosha, na si neno geni. Twalo katika soko huria, ambamo hakuna apewaye bidhaa bila kulipa, na katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, ambacho wanafunzi wake hulipa karo. Uhuria ni ruhusa, wala si msamaha wa gharama.

Kwa hiyo twapendekeza:

(a) "programu huria" au "mfumo endeshi huria" litumike panapokusudiwa ruhusa ya kusoma, kubadili na kugawa;

(b) "isiyolipiwa" litumike panapokusudiwa bei tu, badala ya "bure";

(c) katika mikataba, leseni, huduma na matunzo vitajwe kila kimoja peke yake, pamoja na gharama yake.

Mfasiri akiyatenganisha haya, atakayetia sahihi atajua anachokipata, na atajua pia anachopaswa kukilipia.