Njia ya Ujiji: Wasaidizi waliopendwa na waliochukiwa na wavumbuzi

WAPENZI wa michezo ya kompyuta hubishana hadi usiku wa manane juu ya wahusika wanaofuatana na shujaa wao: yupi ni wa kutegemewa, yupi ni mzigo. Ubishi wa namna hiyo, tena juu ya watu wa kweli, uliachwa katika vitabu vya Wazungu waliofika Ujiji, mkoani Kigoma, katika karne ya 19.

Mgeni anayefika Ujiji huoneshwa penye miembe, mahali ambapo Henry Morton Stanley alikutana na Dk. David Livingstone. Jiwe la kumbukumbu linataja Novemba 10, 1871. Kinachosahauliwa ni kwamba, kwa maelezo ya Stanley mwenyewe, aliyetangulia kumlaki alikuwa Susi, mtumishi wa daktari, aliyejipenyeza katika umati, akamwamkia kwa Kiingereza, kisha akatoka mbio kumpasha habari bwana wake.

Hata hivyo, aliyegawa maoni ya wasafiri kuliko wote ni Sidi Mubarak Bombay. Huyu alikuwa Myao aliyetekwa utotoni na kuuzwa India. Bwana wake alipofariki alipata uhuru na kurejea Zanzibar. Februari 1858 alifika Ujiji pamoja na Richard Burton na John Hanning Speke. Speke alimpenda sana, nao waliweza kuzungumza kwa Kihindustani. Mapenzi hayo hayakumzuia Speke kumpiga ngumi katika safari yao ya pili, ya 1860 hadi 1863. Stanley aliandika baadaye kwamba pengo la meno ya mbele ya Bombay lilitokana na ngumi hizo.

Stanley naye alimfanya mkuu wa askari wake mwaka 1871, akamlalamikia njia nzima na kumchapa. Luteni Verney Lovett Cameron, aliyemwajiri mwaka 1873, aliona kwamba nguvu zake zimepungua na kwamba anaishi kwa sifa za zamani. Lakini msafara huo wa Cameron ulipita Ujiji na kutokea pwani ya Atlantiki, Angola, mwaka 1875, na Bombay alikuwamo.

Mtu yule yule, hukumu tatu. Inafaa kukumbuka kazi yake ilikuwa ipi. Mkuu wa msafara alisimama kati ya Mzungu mwenye haraka na wapagazi wenye njaa na mizigo mabegani. Akiwatetea wapagazi, aliitwa mvivu; akiwasukuma, walimtoroka usiku. Kalamu ilikuwa mkononi mwa upande mmoja tu.

Wapo waliochukiwa kwa sababu iliyo wazi. Musa, kiongozi wa watu wa Anjouan katika visiwa vya Komoro, alimwacha Livingstone mwaka 1866, akarudi Zanzibar na kutangaza kwamba daktari ameuawa. Msafara wa Edward Young wa mwaka 1867 ulithibitisha kuwa ni uongo. Ujiji kwenyewe, Livingstone aliporejea mgonjwa Oktoba 1871, alikuta Sherif, aliyekabidhiwa bidhaa zake, ameziuza zote. Huyo ni vigumu kumtetea.

Lakini hata waliokuja kusifiwa kuliko wote waliwahi kukataa amri. Mwaka 1868 Susi na Chuma walikuwa miongoni mwa waliogoma kumfuata Livingstone kwenda Ziwa Bangweulu. Yeye hakuwalaumu sana. Aliandika kwamba wamechoka kutembea, na yeye pia amechoka. Kisha akawapokea tena.

Livingstone alipofariki Mei 1, 1873 huko Chitambo, Zambia ya leo, watu wake waliuzika moyo wake hapo, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo, safari ya miezi kama tisa. Walipofika Unyanyembe, karibu na Tabora, walikutana na Cameron, naye Bombay akiwa mkuu wa msafara wake. Cameron aliwashauri wamzike hapo. Walikataa, wakaendelea.

Aliyesafiri na jeneza hadi Uingereza ni Jacob Wainwright, aliyesoma India na kuajiriwa mwaka 1872 tu. Livingstone alizikwa Westminster Aprili 18, 1874, na Susi na Chuma walifika baada ya mazishi, wakamsaidia Horace Waller kuhariri shajara za mwisho za bwana wao. Chama cha Kifalme cha Jiografia kilitengeneza medali 60 kwa ajili ya waliobeba mwili. Wakati huo wengi wao walikuwa wamekwisha kutawanyika, na ni wachache tu waliozipata.

Chuma alifariki Zanzibar mwaka 1882, Bombay mwaka 1885, na Susi mwaka 1891.